Mpira wa Tangi Mchana wa Ramadhani

Tangi letu liko juu ya paa, na koki yake ilikatika zamani, tukaiziba. Maji tunayatoa kwa mpira mwembamba. Ncha moja ndani ya tangi, nyengine inaning'inia kwenye ndoo chini yake. Mtu anavuta kwa mdomo, maji yakimfikia anautoa, basi yanashuka yenyewe.

Ramadhani mtu aliyefunga hawezi kuvuta, asije akameza. Kwa hivyo huitwa mwanamke ambaye siku hiyo hana funga. Na akishapanda ngazi, nyumba nzima imeshajua kwa nini hakufunga.

Mwaka wa kwanza wa ndoa niliitwa mimi. Baba mkwe aliinamisha uso nilipopita, na mimi kutwa sikuweza kumtazama.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya binti yangu. Alfajiri alininong'oneza kuwa yumo kwenye siku zake. Alasiri tulikuwa jikoni tunamenya muhogo wa futari, ami zake wawili wamekaa ukumbini, mama mkwe akaita:

"Haya, kobe wa leo nani? Maji yanatakiwa!"

Kobe ndilo jina letu la mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Kisu cha mwanangu kikasita. Macho yalikuwa yameshamjaa machozi.

"Nakuja mimi, mama," nikaitikia.

"Wewe si umefunga?"

"Nimefunga. Lakini mdomo siutumii."

Ami mmoja akacheka. "Shemeji, utayasomea kaswida yashuke?"

"Yatashuka. Wewe kaa na funga yako."

Mwaka uliopita nlikuwa nasoma masomo ya jioni, nimalizie skuli niliyoiacha. Siku moja mwalimu alijaza gilasi maji, akaweka kadi juu, akaipindua. Sisi wa mbele tukakusanya mabuibui yetu tusirowe. Hayakumwagika. Akatwambia hewa ina uzito, inasukuma kila upande, hata kutokea chini, ndiyo inayoishikilia ile kadi. Na ukinywa kwa mrija, wewe unaiondoa hewa ya ndani tu, ya nje ndiyo inayoyapandisha maji. Nlirudi nyumbani nkawaza: basi mdomo wa nini?

Pale juu niliukunja mpira, ncha zote mbili zikatazama juu, nikamimina maji ya kopo mpaka yakatokea upande wa pili. Nikaziba ncha moja kwa dole gumba, nyengine nikaitumbukiza tangini. Maji hayakutoka mpirani, kama yale ya gilasi. Nikasema Bismillahi, nikaishusha ile ncha niliyoiziba mpaka ndani ya ndoo, nikaondoa kidole. Yakaja.

Mama mkwe alikuwa amenifuata, anahema na ngazi.

"Hujavuta?"

"Sikuvuta."

"Nipe." Akajaza mwenyewe, akaziba, akaachia. Yakamruka miguuni. "Subhanallah! Miaka yote hii tunawapandisha watoto wa watu huku juu!" Halafu akainama kwenye ngazi akaita, "Mjukuu wangu! Njoo uchukue ndoo, bibi yako keshakuchotea!"

Binti yangu akapanda, akajitwisha, akashuka akapita ukumbini mbele ya ami zake. Walichomwambia tu ni asimwage maji kwenye mkeka.