Mguu Unaujuaje Ugoro?

Nilivunjika mguu kwenye kibanja changu mwenyewe, karibu kabisa na mlango. Wanaume wenzangu huumia wakivua samaki kisiwani Goziba. Mimi niliangushwa na mkungu wa ndizi nilioukata kwa mkono wangu. Nyumba nzima ilicheka kwanza, ndipo ikanibeba.

Daktari wa mjini Bukoba alinifunga plasta, akasema niache sigara, maana nikotini hubana mishipa na mfupa huchelewa kuunga. Niliacha siku hiyohiyo. Sifa zikaenea kijiji chetu chote cha Kaagya. Na kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu: karibu kila aliyekuja kunipa pole alileta ugoro, tumbaku ya kusaga isiyowashwa, uliofungwa kwenye jani kavu la mgomba, zawadi ya mtu aliyeishinda sigara. Dada yangu mkubwa aliyeolewa kijiji cha Kashozi aliwazidi wote kwa kuleta. Nikawa nashinda kitandani na ugoro chini ya mdomo, tangu chai hadi chakula cha usiku, najiona msafi kama padri.

Juzi nilirudi hospitali, picha ikaonyesha mfupa haujaanza kuunga. Daktari akautazama mdomo wangu, akauliza nimeweka nini. Nikajibu kwa majivuno kwamba ni ugoro, hauna moshi. Akanieleza taratibu, na kila neno likanipandisha hasira. Sigara hupandisha nikotini kwenye damu kwa kasi, kisha inashuka. Ugoro huiingiza polepole, ila inakaa. Na mimi sikuipa nafasi ya kushuka. Huenda nilikuwa nayo nyingi kuliko nilipovuta. Mfupa ukiendelea kugoma, watapasua watie chuma, na kuchechemea kunaweza kuwa kwa maisha.

Nilirudi nafoka njia nzima. Nimewakasirikia wote walionihurumia, na zaidi jinga moja lililomaliza kidato cha nne likiamini nikotini ni moshi: mimi mwenyewe.

Jioni dada akaingia na kifurushi chake. Nikamwambia arudi nacho.

"Mdogo wangu, ugoro unauweka mdomoni. Mguu unaujuaje?"

"Damu inauambia, dada. Hiyo ni sigara umeivalisha jani."

Akanuna. Akasema plasta imenipanda kichwani, mbona mama yetu aliutumia hadi uzeeni na misani alikwenda bila fimbo. Nikamuuliza kama mama aliwahi kuvunjika. Akafungua jani, akajitilia mwenyewe chini ya mdomo, polepole, akinitazama.

Harufu ikanifikia. Nikavuta kikapu cha kahawa ya kutafuna tunayowapa wageni, nikajaza mdomo pasibaki pa kuweka kitu, nikamgeuzia ukuta.