Tulienda kutembea bondeni, nikarudi nikijua mume wangu haoni na bado anaendesha basi

Habari zenu wote mnaofuatilia ukurasa huu. Admin, nifiche jina tafadhali, mume wangu anajulikana sana barabarani. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, nafundisha watoto wa chekechea, tunaishi Ilomba hapa Mbeya. Mume wangu, nimwite Baba Neema, ni dereva wa basi la abiria, Mbeya kwenda Iringa na kurudi. Ni mtu mpole, hanywi, hanipigi. Ndiyo maana jambo hili linanitesa, maana sina hata hasira ya kunisaidia.

Jumamosi moja kwaya yetu ya usharika iliandaa matembezi, kushuka bonde la mto Kiwira kule Rungwe. Haikuwa safari ya kukimbizana. Tulitembea polepole tukipita migombani na kwenye mashamba ya chai, tukaimba, tukapumzika, wengine wakabeba vyungu vya kupikia ndizi kando ya mto. Baba Neema alikuwa na mapumziko, akaja. Juani alikuwa mchangamfu kabisa, anataniana na kila mtu.

Njia ilipoingia kwenye mianzi, kukawa na kivuli kizito, akabadilika. Akaanza kupapasa kwa mguu kama mtu aliyeingia chumba asichokijua. Akamgonga Mama Lusajo, mwanakwaya mwenzetu, mpaka kapu la ndizi likaanguka. Mama Lusajo akacheka: "Mwe! Dereva bila usukani hajui kutembea!" Wote tukacheka, na mimi nikacheka.

Mbele tukakuta kijito kinachoingia mtoni, kimewekewa gogo la kuvukia. Watu wote wakavuka. Yeye akabaki ng'ambo. Nikamwambia, "Baba Neema, njoo." Akanitazama vizuri tu usoni, akatabasamu, akapiga hatua, akakanyaga pembeni kabisa ya gogo. Akatumbukia majini mpaka kiunoni. Kwaya nzima ikaangua kicheko. Mimi nikaacha kucheka, nikaliangalia gogo. Lile gogo lilikuwa nene kama pipa. Mtu hawezi kulikosa.

Wenzetu walipokuwa wanapika, nilikaa naye juu ya jiwe akikausha suruali. Nikanyoosha mkono pembeni ya uso wake, karibu na sikio, nikachezesha vidole. Hakugeuka. Nikazidi kuusogeza mbele, hakugeuka. Ulipofika karibu na pua ndipo akashtuka. Tukatazamana, akajua nimejua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Hata sijui. Inapungua kidogo kidogo. Sasa hivi naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kukiwa na giza kidogo, hata hilo bomba linaziba."

"Ulienda hospitali?"

"Nilienda. Daktari alisema ugonjwa huu hauna dawa, wala miwani haisaidii. Akasema niache kuendesha."

"Na wewe unaendesha!"

"Njia naijua kwa moyo, Mama Neema. Mteremko wa Inyala naushuka hata nikifumba macho. Konda wangu anakaa mbele, ananiangalizia pembeni."

Jamani, maneno hayo aliyasema kama mtu anayenituliza. Mimi nilikuwa nawaza ukungu wa Makambako, nawaza bodaboda zinazochomoka vichochoroni, nawaza watu waliosinzia kwenye viti vyake. Kisha akainamisha kichwa akalia. Mume wangu sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Mama Lusajo akaleta sahani ya ndizi, akadhani ni moshi wa kuni umemwingia machoni.

Tangu siku hiyo nimehangaika. Nimembembeleza atafute kazi nyingine, anasema, "Kazi gani nyingine naijua mimi?" Nilimpigia shemeji yangu, kaka yake mkubwa aliyeko Mgololo, nikijua huyo anamsikiliza. Shemeji akaniambia, "Mwanaume ukimnyang'anya usukani umemwachia nini? Usiivunje nyumba yako kwa mdomo wako." Mchungaji akasema tuombe. Tunaomba. Asubuhi gari la kumchukua linapiga honi, anatoka.

Nilimwambia nitakwenda mwenyewe ofisini kwao. Hakugomba. Alisema taratibu tu, "Nenda. Ila siku hiyo ujue umenizika." Nilishafika mpaka stendi, nikasimama mbele ya mlango wa ile ofisi. Nikarudi nyumbani.

Juzi mzazi mmoja wa pale shuleni kwetu alinishika mkono kwa furaha: "Mwalimu, kumbe lile basi ni la baba Neema! Nilipomwona tu nikatulia, nikalala njia nzima na mtoto wangu mapajani." Nilimjibu ndaga, yaani asante, nikaenda chooni nikajifungia.

Sasa limefika lingine. Binti yetu Neema anasoma bweni Iringa, na wiki ijayo wanafunga shule. Baba yake amefurahi, amesema atamleta mwenyewe, na wenzake wote wa Mbeya watapanda basi hilo hilo. Jana nilijifungia chumbani nikaanza kutunga uongo wa kumwambia ili mtoto aje na basi lingine. Nikaupata, tena uongo mzuri. Nilipotaka kusimama nikamwambie, nikakaa tena kitandani. Maana nikimtoa mwanangu peke yake, nitakuwa najua hatari iliyo juu ya wale wengine na nimewaacha ndani ya basi.

Nikisema, namuua mume wangu angali hai. Nikinyamaza, sijui nitaua wangapi. Msinitukane, ndugu zangu. Mwenye mume, mwenye mtoto anayesafiri, aniambie: ungekuwa mimi, ungeanzia wapi?