Redio Haizimwi

Deki ilikaa juu ya meza ya cherehani, kompyuta ya mpwa wake ikakaa juu ya kiti, na kati yao ukapita waya wenye vichwa vitatu: cha njano, chekundu na cheupe. Cha njano kinabeba picha. Chekundu na cheupe vinabeba sauti. Hayo Redio, kama ukoo ulivyomwita, alielezwa mara moja tu, na hapo hapo akaambiwa kwamba vile viwili vya sauti avichomoe.

"Avichomoe nani?"

"Wewe, Shangazi," mpwa wake alisema, kwa ule upole wa mtu wa benki anayekueleza kwa nini ombi lako limekataliwa. Na kweli alikuwa mtu wa benki. "Acha hiki cha njano peke yake. Picha itaingia, kelele zitabaki nje. Halafu mimi nitaweka muziki mtamu juu yake."

"Kelele."

"Si kelele hivyo, jamani. Yale mazungumzo ya nyuma."

Mazungumzo ya nyuma yalikuwa ya Redio mwenyewe, yote, kuanzia harusi ya kaka yake mpaka kamera ilipokufa.

Jina hilo alipewa na kaka yake huyo huyo walipokuwa watoto, kwa sababu alianza kusema kabla hajanawa uso na hakuwa na mahali pa kumzimia. Ukubwani akapata kazi iliyomwenea kama kiatu: opereta wa simu katika hospitali kubwa. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya swichibodi, akiwaunganisha madaktari na wodi, na waliojifungua na mama zao. Mji mzima uliijua sauti yake, na hakuna aliyemjua kwa sura. Akienda sokoni, muuza nyanya angeacha kupima na kuinua kichwa: "Mama, mbona wewe nakujua?" Naye angejibu kwa sauti ya kazini, "Subiri kidogo, nakuunganisha," na kuondoka na nyanya zake akicheka peke yake. Hakuolewa. Waliomuuliza sana aliwaambia akipata mwanamume anayeweza kusubiri zamu yake ya kusema atawapa taarifa.

Kamera aliinunua kwa daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka mizigo. Ilikuwa nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, naye aliibeba hivyo hivyo, begani, mkono mmoja chini ya matako yake. Katika ukoo mzima hakukuwa na kamera nyingine. Basi kila palipooa mtu, palipozaliwa mtu au palipohitimu mtu, Redio alikuwepo, jicho moja amelifumba na mdomo ameuacha wazi. "Haya, huyu ndiye mtoto. Kazaliwa juzi. Amechukua pua ya baba yake, tumpe pole." Hivyo ndivyo alivyopiga picha. Hakujua namna nyingine.

Sasa kaka yake na mkewe walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Ukumbi ulishakodiwa, keki ilishaagizwa, na binti yao mkubwa, yule wa benki, alitaka wageni waonyeshwe filamu ya maisha yao kwenye pazia kubwa. Kanda zote zilikuwa kwa Redio, ndani ya katoni juu ya kabati. Deki iliyokuwa bado inafanya kazi ilikuwa kwa Redio pia. Jumapili iliyotangulia walijaribu kanda ya harusi sebuleni kwa kaka, waya zote zikiwa zimechomekwa, na kila mtu alifurahi mpaka pale sauti ya msichana ilipopasua chumba:

"Bibi harusi analia! Analia nini huyu? Kaka yangu mimi ni mpole, atakayekuja kulia ni kaka!"

Wajukuu walianguka chini kwa kicheko. Wifi hakucheka. Alivuta kitenge mabegani, akaitazama televisheni kama mtu aliyekuta mdudu kwenye chai, na siku iliyofuata ndipo mpwa alipokuja na maagizo yake ya kuchomoa.

Redio hakuchomoa kitu. Alipobaki peke yake alivisukuma vile vichwa viwili mpaka vikagoma kwenda mbele zaidi, akafunga mlango, akaanza kazi.

Ni kazi isiyokubali haraka. Kanda ya saa moja huingia kwenye kompyuta kwa saa moja, na ukiondoka kwenda kukaanga kitunguu utarudi ukute picha inaruka na harusi imekuwa chenga tupu. Ilibidi akae. Alisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Kanda zilizoota ukungu alizifungua kwa bisibisi na kuzifuta taratibu, zilizolegea akazivuta kwa kuzungusha kidole kwenye tundu. Kisha alitazama, na akamsikiliza yule msichana akisema. Mara nyingine alimpinga. Mara nyingine alimwambia, "Hapo umepiga ndipo, mama."

Wifi alikuja siku ya tatu ya kazi hiyo, amevaa viatu vya kutokea.

"Hodi, wifi."

"Karibu, wifi. Kaa kitandani, kiti kimeshikwa na kompyuta."

Wifi alikaa ukingoni kabisa, mkoba mapajani. "Nasikia umegoma."

"Nani kagoma? Si unaona kazi inaendelea? Huyo hapo ni wewe. Umenuna."

"Sijanuna. Jua lilikuwa machoni."

"Ndani ya nyumba?"

Wifi akafyonza. "Sikiliza. Mimi sikuja kugombana. Siku ile watakuja watu wangu wa kazini, atakuja mkuu wangu wa zamani na mkewe. Wanakuja kututazama mimi na mume wangu. Hawaji kukusikiliza wewe ukinipa vidonge vyangu mbele za watu."

"Umeniona humo?"

"Humo wapi?"

"Kwenye kanda. Umeziona zote kwa miaka yote hiyo. Nitafute, unionyeshe."

"Utaonekana vipi na wewe ndiye uliyekuwa unapiga?"

"Nitafute, wifi."

Wakatazama. Wakatazama sikukuu, wakatazama mtoto akioga kwenye beseni, wakatazama shamrashamra za kumpokea mjomba aliyetoka safari. Wifi alianza kusogea mbele bila kujua, mpaka mkoba ukateleza mapajani. Mara picha nzima ikawa nyekundu, kitu kinene kikiwa kimeziba kioo.

"Hicho!" Wifi alipiga kofi. "Kidole hicho! Si chako?"

"Ni changu."

"Basi umo."

"Nimo. Maisha yangu yote katika ukoo huu, na nina kidole kimoja. Kilichobaki ni koo, na koo nalo mnataka kulichomoa kwenye waya."

Kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, wifi aliuliza swali la haki. "Kwa nini hukumpa mtu mwingine akupige na wewe?"

"Nilimpa mumeo. Mara moja. Akadhani ameizima, akaiweka chini. Nina ukuta mpaka mwisho wa kanda. Ukuta mzuri, ukitaka nitakuonyesha."

Wifi alicheka kabla hajajizuia, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Alisimama. "Unaongea mno, wifi. Tangu siku ya kwanza umeongea mno."

"Na tangu siku ya kwanza mmenisikia. Mtanisikia tena."

Jioni hiyo mpwa alipiga simu na suluhu yake. Zitakuwepo filamu mbili, alisema. Ya ukumbini itakuwa na muziki. Nyingine itakuwa na sauti yake yote, kamili, hawatagusa neno, itahifadhiwa.

"Wapi?"

"Kwenye kompyuta, Shangazi. Salama kabisa."

"Na watoto watarushiana ipi kwenye simu zao? Ya ukumbini. Wajukuu wa wajukuu wataona ipi? Ya ukumbini. Hiyo yangu unataka kuizika halafu unaniambia kaburi lina vigae." Alivuta pumzi. "Kanda ni zangu na deki ni yangu. Ukitaka filamu ya mabubu, mwambie mama yako aolewe upya na umtafute mpiga picha bubu."

"Haya, Shangazi. Umeshinda."

Mtu aliyekula mshahara wake kwa kusikiliza sauti za watu alipaswa kusikia kwamba hilo neno lilikuja haraka mno. Na alilisikia. Lakini huyu ni mtoto aliyembeba, na mara moja moja mtu huamua kutosikia. Alimpa filamu yote, picha na sauti.

Ukumbi ulikuwa umejaa siku ile mchana, viti vimevishwa utepe, mapazia yamevutwa ili pazia la picha lionekane. Redio alikaa meza ya familia, gauni lake la kijani limepigwa pasi mpaka linakata. Taa zilipunguzwa. Pazia likawaka, gari la harusi likaingia polepole kwenye picha, na Redio akakaa sawa kusubiri "haya" yake ya kwanza.

Ukaja muziki. Tarumbeta laini, lile linalopigwa kwenye lifti za hoteli duniani kote ili watu wasisikie jinsi walivyo wapweke. Chini ya tarumbeta hapakuwa na kitu.

Alimtazama mpwa wake, aliyekuwa amesimama kando ya projekta. Mpwa aliitazama simu yake. Alimtazama wifi, wifi alikuwa anapanga uma na kijiko. Kaka yake alikuwa ameinamia sahani kama mtoto aliyevunja kikombe. Walijua wote.

Hakulia. Alisukuma kiti nyuma, akasimama.

"Haya," alisema.

Hakuhitaji kipaza sauti. Vichwa vikageuka mpaka meza za mwisho.

"Huyo anayeshuka kwenye gari ni mama wa bibi harusi. Amekasirika kwa kuwa wamechelewa. Na wamechelewa kwa sababu dereva ni mjomba wa bibi harusi, naye alipotea njia kwenda nyumbani kwa dada yake mwenyewe!"

Kicheko kilianzia meza ya wajukuu, kikatambaa. Kutoka pembeni kabisa mzee mmoja aliinua fimbo yake.

"Sikupotea! Nilikwenda kuweka mafuta!"

"Mafuta ya wapi, mjomba, kutwa nzima?"

Mpwa alifika mbio, visigino vikigonga sakafu. "Shangazi, tafadhali. Kaa chini. Watu wanatutazama."

"Si ndicho walichoalikwa? Ulinipa neno lako, mwanangu."

"Mama aliniomba..."

"Na mimi sikukuomba?" Alilisema hilo kwa sauti ya chini, la kwao wawili tu. Kisha akainua kichwa. "Mwambie dijei apunguze tarumbeta, koo langu si la mkopo. Haya! Hapo wameingia kanisani. Yule mwenye kofia hakualikwa. Mpaka leo hatujui ni nani, lakini alikula vizuri."

Watu walishasogeza viti. Mkuu wa zamani wa wifi, mtu mzito mwenye miwani, alikuwa anajifuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Wifi peke yake alikaa wima kama msumari, macho mbele, na Redio alimwona, na hakurudi nyuma.

Picha ikabadilika. Chumba kimoja kidogo, mvua nje, matone yakianguka toka darini.

"Hapo wamehamia chumba chao cha kwanza. Paa linavuja. Bibi harusi ametandaza sakafuni kila sufuria aliyopewa zawadi. Kaka yangu amepanda juu ya meza, amekunja miguu, anasema kesho atapanda kuziba."

"Hakupanda!"

Ilikuwa ni wifi. Ilimtoka kama chafya. Ukumbi mzima ukamgeukia, naye akajikuta amekwisha kusimama, mikono kwenye meza.

"Hakupanda kesho, hakupanda mtondo! Nilipanda mimi, na mimba yangu ya miezi mitano!"

"Niliishika ngazi," kaka alisema kwa unyonge.

"Uliishika na gazeti mkononi!" Wifi alimgeukia Redio sasa, kidole juu. "Na wewe! Unajisifu hapo! Ulisimama pembeni na hilo likamera, hukuinua hata sufuria moja!"

"Sikuinua," alijibu Redio. "Ningeinua sufuria, nani hapa leo angeamini kwamba ulipanda wewe?"

Wifi alikunja mikono kifuani. "Basi sema na habari ya misumari ya lile paa," aliamuru. "Usiiruke."

Mpwa alirudi kwenye projekta akiwa amekwisha nguvu. Alizima tarumbeta, na akaifungua ile sauti aliyokuwa ameifungia, akifikiri kwamba sasa angalau shangazi yake ataketi. Msichana wa zamani akaujaza ukumbi, mchangamfu, mwepesi, akisema kwamba nyumba ni nzuri, mvua ni baraka na kaka yake ni fundi hodari.

Redio hakuketi.

"Msimsikilize sana huyo," aliwaambia wageni, akiionyesha spika kwa kidevu. "Alikuwa mdogo, alikuwa bado anawaogopa wakwe wa kaka yake. Misumari ilikuwa hivi."