Nyumba Isiyo na Kisima

Kaka yangu ana maneno mengi kuliko vyumba vyake vya kulaza watalii. Kila jioni, wageni wake wakishakaa uani, huwasimulia historia ya nyumba yetu ya Samad, hapa Omani: jinsi baba yake babu alivyoijenga kwa udongo kabla ya kwenda Unguja, na jinsi babu alivyorudi baada ya mapinduzi akaikuta imesimama inamngoja. Wageni, wengi wakiwa njiani kwenda Ras al Hadd kutazama kasa, hupiga picha dari ya magogo ya mitende na kushangaa. Mwaka jana akaniomba niiandike historia hiyo vizuri, aibandike ukutani. Nikamwambia sawa, lakini ajue kwamba mimi nikiandika huuliza.

Nikaanza na kisima. Babu alizaliwa Unguja, akalelewa kwa sifa za nyumba asiyoijua, na yote aliyoyasikia akatumiminia sisi. Ilikuwa na milango miwili, alisema, na kisima uani chenye ukingo wa mawe, ambamo baba yake alitumbukia siku moja akavutwa kwa kamba ya ngamia. Sasa nimesimama uani na kalamu yangu. Pana mndimu, pana tangi la maji, pana viti vya plastiki anavyoviita kaka vya kitalii. Kisima hakuna.

"Kitakuwa kilifukiwa," kaka akasema.

"Na nani?"

"Dada, andika kilifukiwa."

Mtu akiniambia andika hivi, ndipo ninapozidi kuwashwa. Nikamfuata Mama jikoni, alikokuwa akikuna nazi. Yeye ndiye aliyekuja hapa na babu, baba yake, akiwa msichana wa kuchumbiwa, akaolewa na kuzaa humu humu.

"Shikamoo Mama. Kisima cha babu kilikuwa wapi?"

Mkono wake ukasimama. "Marahaba. Kisima gani tena? We mwana una maswali kama karani wa korti. Hebu nipishe, wali wangu unangoja tui."

Mama hajapata kunifukuza jikoni hata siku moja. Nikatoka nikiwa nimeshajua kwamba kuna jambo, ila sijui jambo gani.

Nyuma yetu, katika nyumba ya saruji, anakaa bibi mmoja rika lake Mama, mzaliwa wa hapa hapa. Sisi humwita khalti, kama mama mdogo, na huzungumza naye Kiarabu, kwani Kiswahili chake hakivuki "karibu" na "pilipili". Nilimkuta anachambua tende. Nikamuuliza swali lile lile. Akachukua fimbo yake, akasema nimfuate.

Tulikwenda kandokando ya falaji, mfereji wetu wa maji, mpaka mwisho wa mitende. Pale pana kichuguu cha udongo ambacho maisha yangu yote nimekiona kama malalo ya mbuzi. Khalti akazunguka upande wa pili, akagonga mawe kwa fimbo. Ulikuwa ukingo wa kisima. Nikachungulia ndani nikaona mikebe ya soda.

"Nyumba yenu ilikuwa hapa," akasema. "Iliangushwa na mvua kabla hamjarudi. Ile mnayokaa ni ya baba yangu."

Nilikaa chini. Akanieleza bila haraka. Babu alishuka garini akaulizia nyumba ya milango miwili, na watoto wakampeleka kwenye ile ya pekee iliyobaki. Wenyewe walikuwa wameshahamia kwenye saruji, ila baba yake khalti siku hiyo alikuwamo ndani ya ile ya zamani anapanga tende. Babu akaingia, akabusu ukuta, akalia kwa sauti.

"Baba alisema, mtu mzima analia mbele ya mwanawe, nitamwambiaje kakosea mlango? Na kwetu mgeni haulizwi shida yake mpaka siku tatu zipite. Akamkirimu, akangoja. Siku ya nne akaenda kumwambia, akamkuta babu yako juu ya ngazi, anapaka chokaa, anaimba. Akarudi zake."

Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Halafu machozi yakaendelea, kicheko kikaisha.

Nilipowahadithia nyumbani, kaka alipauka uso. Kila alicho nacho kimo katika kuta hizi, na khalti ana wana Maskati ambao njia ya mahakamani wanaijua. Lakini aliyenitisha ni Mama, kwa sababu hakushangaa.

"Nilikiona kisima wiki ile ile, n'lipokwenda kuchota maji," akasema. "Nikanyamaza. Baba keshafukuzwa nyumba moja, ya pili nimfukuze mimi? Kafa hajui. Na mie kila mlango ukigongwa, roho hunambia, leo wamekuja."

Kumbe ule mshtuko wake kila mlango ulipogongwa, ambao sisi wanawe tuliudhani wa mapinduzi na tulikuwa tukimtania nao, haukuwa wa Unguja. Ulikuwa wa hapa. Niliumia sana kwa ajili yake.

Kesho yake, baada ya alasiri, khalti akaja mwenyewe. Kaka akamtandikia, akaleta tende, akainua birika la kahawa. Khalti akampokonya.

"Nyumbani kwa baba yangu namimina mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kavaa buibui kamili kama mtu wa safari.

"Ya ukhti, dada yangu," akasema, kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja, "nilijua. Tangu mwanzo nilijua. Ukitaka tutoke, tutatoka."

"Na mimi nilijua kwamba unajua," khalti akajibu. "Kila ukipita pale kisimani ulikuwa unageuza uso." Akamimina taratibu. "Wanangu nimezungumza nao asubuhi. Nimewaambia nyumba hii ina watu, na nikifa itakuwa bado ina watu. Wamekubali, na nimewatuma wakaiandikishe kwa jina lako nami ningali hai."

Kaka akafunika uso kwa viganja. Khalti hakumwangalia, alikuwa amenyoosha kikombe kuelekea mlangoni.

"Tafadhali," akamwambia Mama. "Karibu. Kaa."

Mtu hakaribishwi nyumbani kwake. Ndiyo maana Mama, aliyeolewa humu, akazaa humu na kumzika baba yake kutoka humu, alikuwa hajaambiwa na mtu yeyote akae. Akavua buibui, akalikunja, akakaa.