Mchanga Chini ya Duka la Praful

Praful alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kumsifia binti yake. Mteja akiingia dukani kwake Kariakoo kununua kitambaa cha pazia, hatoki mpaka asikie habari za Shivani, injinia anayepima udongo wa chini ya bahari ili mitambo ya gesi ipate pa kusimama. "Wenzake majengo yanawashinda nchi kavu," alikuwa akisema, "yeye anasimamisha vyuma baharini!"

Shivani sifa hizo zilimtia aibu. Kazi yake aliieleza kwa ufupi: chuma hakisimami juu ya maji, kinasimama juu ya tope, na tope lazima ulijue kabla hujaliamini. Kule melini, bomba la sampuli likipandishwa kutoka chini, kabla ya mashine yoyote yeye alilibonyeza lile tope kwa kidole gumba.

Haya, msomi wa udongo ni binti wa nyumbani, nani amuulize? Praful aliona majirani wanachimba stoo chini ya maduka yao, naye akachimba. Shivani aliporudi mapumziko alikuta pampu inanguruma, na mpira mrefu unatapika maji ya shimo mtaroni. Akayakinga kwa kiganja. Maji yakachuruzika, mchanga ukabaki.

"Baba, simamisha! Maji haya yanauhamisha mchanga wa chini ya msingi. Ghorofa zote zimeukalia huo."

"Wewe ni wa udongo wa bahari, mwanangu," Praful akacheka. "Huu wa Kariakoo tunaujua sisi. Babu yako kauza vitambaa hapa hapa."

Walivutana siku nzima. Mwishowe mzee akakubali, shingo upande, kwamba maji yakiendelea kutoka na mchanga atazima pampu na kuwatoa watu wote, wa kwanza Bi Mauza. Bi Mauza na mumewe Hamood waliuza udi na manukato kwenye duka la pili la jengo hilo, na mama yake Shivani alipofariki, Bi Mauza ndiye aliyemlea. Aliposikia mabishano yale, alianza kufunga mizigo yake.

Shivani akarudi baharini, roho juu. Hakukaa sana akapiga simu.

"Maji yakoje, baba?"

"Safi kabisa. Ungeweza kunywa."

Akashusha pumzi. "Kama ni safi kweli, basi msingi haujaguswa."

Praful hakuhitaji zaidi. Kabla ya adhuhuri jengo zima lilikuwa na habari kwamba Shivani amesema hakuna neno. Bi Mauza akafungua maboksi, akazirudisha chupa zake rafuni moja moja. "Kama kasema Shivani," alimwambia mumewe, "nihame niende wapi?"

Jengo lilianguka asubuhi moja, watu wanafungua maduka. Praful alikuwa ng'ambo ya barabara anakunywa chai. Bi Mauza alikuwa ndani.

Shivani alifika wameshazika. Hamood hakumfokea, na afadhali angemfokea. "Alishafunga mizigo," alisema taratibu. "Jina lako ndilo lililomrudisha."

Shivani akatoka pale matangani hadi kwenye kifusi. Mpira wa pampu ulikuwa bado umelala mtaroni. Mdomoni mwake mlikuwa mmefungwa kitambaa cha pazia, kile chepesi cha dukani kwao, kimetuna kwa mchanga. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kwa mazoea tu, na hapo akaelewa. Alimchukia baba yake, na akajichukia yeye kwa kuuliza swali lile kwa simu.

Praful alisimama nyuma yake, macho mekundu.

"Si ulitaka maji yatoke safi, mwanangu?" akasema. "Nikawa nayachuja. Kila jioni nilimwaga mchanga, nikakifunga upya."