Kiberiti cha Jiko la Jogoo

Mjukuu wangu alipofungua boksi la jiko jipya la gesi, hapa Kibondo, nilimwona jogoo mwekundu yuleyule amechorwa ubavuni, na harufu ya mafuta ya taa ikanirudia puani.

Nilikuwa msichana mdogo. Nilibeba kichwani jiko la tambi lenye alama hiyo kutoka Heru Juu hadi dukani Kasulu, nikimfuata mama kulirudisha, mafuta yakinidondokea shingoni. Mama alikuwa ameuza maharage ya msimu mzima kulinunua, na wiki haikuisha likagoma kuwaka.

"Baba, umeniuzia kitu kibovu," alimwambia mwenye duka. "Na kanisani nimeshalisifu!"

Mzee yule mwenye kofia nyeupe alichomoa tambi. Zilikuwa zimeungua zote.

"Mama, huwa unalizima saa ngapi?"

"Kulizima? Moto wa nyumbani unazimwa?"

Kwetu moto ulifukiwa kwenye majivu, ukaamshwa asubuhi. Aliyeuacha ufe alikwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, akachekwa.

Mzee hakucheka. Wanawake wengine watatu walikuwa wamerudisha majiko yenye tambi zilizoungua vivyo hivyo, naye alikuwa karibu kuacha kuyauza. Alitia tambi mpya bure, akampa mama kiberiti. "Zima bila hofu. Moto wako huu hapa."

Tangu hapo kila jiko la jogoo lilitoka dukani kwake na kiberiti, likauzika mpaka Nyakitonto.

Siku ile, baada ya ugali, mama alilizima. Papo hapo akaliwasha tena, kuhakikisha. Akamshukuru Mungu, ndipo akalizima.