Siku Niliyokwenda Kumfumania Mgongo Wazi

Mume wangu alikuwa anapanga kumpeleka mwanamke mahali ambapo kila mtu angempata kwa dakika tano.

Msishtuke. Au shtukeni tu, maana mimi nilishtuka mpaka uji wa mtoto ukaungua.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Yeye yuko bafuni, simu yake iko mezani, ikalia ting. Sikuigusa. Wallahi sikuigusa. Niliinama tu, kama mtu anayetafuta kijiko.

Lilikuwa kundi la watu wanaochati. Mmoja anaitwa Fundi Simu, kaandika hivi: "Jumapili saa tisa, ukumbini kwangu. Usisahau kumleta Mgongo Wazi. Tunataka kumwonja sote, kila mtu dakika tano."

Chini yake mume wangu kajibu: "Nitamleta. Ila mumshike taratibu, bado mgeni. Ana joto huyu! Jana nimekaa naye mpaka nikasahau kula."

Na kweli jana hakula.

Ile ting sasa ilikuwa ya mwanamke, jina lake Mama Besi: "Mie wa kwanza! Huyo ana sauti ya asali."

Nikakaa chini, mwiko mkononi.

Mnielewe kidogo. Mimi niliacha shule mapema. Sasa nasoma masomo ya jioni, siku tatu kwa wiki, natumaini nikimaliza nipate hata kazi ya ukarani. Na wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametufundisha ngeli. Aligonga ubao akasema: "Kiti kina. Meza ina. Ukisikia 'ana', jua hapo kuna pumzi."

Mgongo Wazi ana joto. Ana sauti.

Basi ana pumzi. Na nguo ya kuacha mgongo nje anayo pia.

Nikamkimbilia jirani yangu, fundi cherehani, nikamsomea yote kwa kichwa, maana nilikuwa nimeshayakariri.

"Shoga, usikurupuke," akasema, pini zikiwa mdomoni. "Mbuzi naye ana pumzi."

"Mbuzi ana sauti ya asali?"

Akazitoa pini. "Hapo sasa."

Tena haikuwa Ijumaa hiyo tu. Miezi kadhaa mume wangu alikuwepo nyumbani lakini hayupo. Namwita mara tatu ndipo anageuka. Namwambia chumvi imekwisha, ananijibu, "Asante." Nikimweleza nilichojifunza darasani, anatabasamu tu, anatikisa kichwa, macho yake kwenye midomo yangu kama mtu anayesubiri nimalize aende zake.

Mwanamume wa namna hiyo moyo wake umehama. Ndivyo nilivyoambiwa na wote niliowauliza, na niliuliza wengi.

Jumapili akavaa shati lake la bluu. Akabeba kimkoba kidogo, amekikumbatia kifuani kama yai.

"Natoka na jamaa wa kazini," akasema.

"Wasalimie," nikasema. "Hasa wanaojiacha mgongo."

"Haya, asante."

Asante! Mlango ukafungwa.

Nikamfunga mwanangu mgongoni. Tunamwita Donge kwa ajili ya mashavu yake. Nikatia nguo zake sita kwenye mfuko. Nilikuwa nimeshaamua: nikimkuta na huyo mwanamke, sirudi kupika hata chai. Naelekea moja kwa moja kwa mama yangu, na ndoa imekwisha.

Nilimfuata kwa mbali mpaka kwenye duka la kutengeneza simu. Akapanda ngazi za pembeni. Nikahesabu mpaka ishirini, nikapanda, nikausukuma mlango kwa bega.

"Yuko wapi?"

Watu kama saba hivi wakageuka. Wamekaa kuizunguka meza ndefu, na kila mmoja ana hedifoni kubwa kichwani, zile za kufunika sikio lote. Nyingine zilivishwa chupa za maji, zimepangwa mezani kama vichwa vya watu.

"Nani, shemeji?" akauliza mwanamume mmoja mwembamba mwenye bisibisi mfukoni. Huyo ndiye Fundi Simu.

"Mgongo Wazi! Mtoeni!"

Akatabasamu mpaka fizi. "Kumbe na wewe umekuja kumsikiliza! Huyu hapa."

Akaziinua hedifoni nyeusi. Kwa nje, badala ya kifuniko, zilikuwa na wavu mwembamba. "Unaona? Nyuma hakuzibwa, hewa inapita. Ndiyo maana tunamwita Mgongo Wazi."

Nilitamani ngazi zije zinichukue.

"Lakini mbona mnasema 'ana'?" nikapiga kelele. "Hedifoni zina! Zina!"

Mwanamke mnene mwenye sare ya nesi akacheka mpaka akashika meza. "Mwenzangu, ukimpenda anakuwa ana." Huyo ndiye Mama Besi. Umri wa mama mkwe wangu, Mungu anisamehe.

Mume wangu alikuwa ananitazama tu, mdomo wazi, halafu anawatazama wanaocheka, halafu na yeye akacheka. Alichelewa kidogo.

Wakanipa kiti. Wakanivisha Mgongo Wazi.

Mama yangu! Sauti ilinipiga kama kofi. Nikaruka, Donge akashtuka mgongoni.

"Baba Donge, mbona umempandisha hivi?" Fundi Simu akasema, akapunguza kwa haraka. "Utatuua masikio."

Ikapungua, na hapo ndipo nikasikia. Namsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuimba. Nasikia kidole kikiteleza kwenye uzi wa gita. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo maishani.

Je, wivu uliisha? Wapi! Ulizidi.

Maana nilimwona akimpokea yule Mgongo Wazi, anamfuta masponji kwa kitambaa laini, taratibu, pande zote mbili. Mimi nimemzalia mtoto na sijawahi kufutwa hata jasho la jikoni. Mwanamke mwenzako unaweza kumvuta nywele. Hedifoni unazivuta nini?

"Mchezo wa mwisho!" Fundi Simu akatangaza. "Firimbi!"

Akanivisha hedifoni za kwenye chupa, akachomeka nyaya zetu zote kwenye kisanduku kimoja. Firimbi ingeanza nzito, ipande, ipande, mpaka iwe nyembamba kama sindano. Ukiisikia, mkono juu. Ikikupotea, unashusha. Wa mwisho ndiye mshindi.

"Na macho yafumbwe. Hakuna kuibia!"

Nikafumba. Halafu nikafumbua jicho moja, nione kama Mama Besi hajamsogelea mume wangu. Ndiyo, bado tu. Mnisamehe.

Wote walikuwa wamefumba macho. Wote, isipokuwa mume wangu, pale ng'ambo ya meza.

Alikuwa anauangalia mkono wangu.

Nikasema, kumbe mwizi! Ngoja nimkomeshe. Firimbi ikiwa inalia wazi kabisa, hata haijafika mbali, nikaushusha mkono.

Akashusha wake.

Nikaupandisha. Akapandisha.

Nikaushusha tena, polepole, nikitamani asifuate. Akafuata.

Mikono ya wengine yote ilikuwa bado juu. Firimbi inalia kama birika la chai, na mume wangu ananitazama mimi ili ajue kama inalia.

Sikumbuki nani alishinda. Nakumbuka makofi.

Tukashuka ngazi. Mimi niko upande wake wa kushoto, nyuma kidogo. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Donge, nimepata mwanaume mwingine."

Akatikisa kichwa. "Kweli, jua leo ni kali."

Nikapita mbele. Nikamshika mashavu kwa mikono miwili mpaka macho yake yakawa kwenye midomo yangu.

"Tangu lini?"

Alijua nauliza nini. Akakaa kwenye ngazi kama gunia lililoachiwa.

"Ni ile mashine ya kuranda mbao kule kazini," akasema. "Sikio la kushoto limekwisha, mke wangu. La kulia linafuata."

"Na mimi hukuniambia?"

"Msimamizi akijua ataniondoa kwenye mashine. Nikasema nitavumilia. Nikimvaa huyu, nikimpandisha mpaka mwisho, nasikia kama zamani. Kwake tu ndiyo nasikia."

Nilifikiri amemaliza.

"Siku ile Donge alipoita baba," akasema, "mara ya kwanza. Ukapiga vigelegele, ukanikumbatia. Nikacheka na wewe." Akafuta uso kwa kiganja. "Mama Donge, sikusikia kitu."

Jamani.

Nikamfungua mtoto, nikampakata, nikausogeza mdomo wake kwenye lile sikio la kulia. "Donge, mwite baba. Sema baba."

Donge akafikiri. Akasema, "Maji."

"Kasemaje?" mume wangu akauliza, macho yamemtoka.

"Anataka maji."

Akacheka, akalia, sijui kipi kilitangulia. Na mimi pia.

Kisha nikapanda ngazi tena kumwita Mama Besi, yule yule niliyekuja kupigana naye. Alishuka na pochi yake, akamkagua pale pale, akatukemea wote wawili. Jumatatu alituongoza hadi kwa daktari wa masikio.

Sitawadanganya. La kushoto halirudi. La kulia limewekewa kifaa kidogo, na linaweza kudumu akikaa mbali na mashine. Msimamizi tulimwambia wenyewe. Alinuna wiki moja, halafu akamhamishia upande wa vanishi, kwenye utulivu. Mgongo Wazi bado tunaye, ila kitufe cha sauti sasa kiko chini ya mamlaka yangu.

Majuzi nilikuwa jikoni nanung'unika peke yangu, na yeye sebuleni akajibu, "Nimekusikia!" Nikaona haya, maana nilikuwa namsema mama yake.

Dada zangu, ukishikwa na wivu, achana na simu ya mtu. Mtazame mtu mwenyewe. Mimi miezi yote ile nilijiuliza mume wangu anamsikiliza nani. Sikujiuliza hata mara moja kama anasikia.